Ondiri, Rugezi, Kamiranzovu au Bigo: kinamasi kipi ukione kwanza?

Mpwa wangu anafundisha jiografia, na tangu aanze kuwasomesha wanafunzi wake habari za mboji, yale majani ya kinamasi yanayorundikana bila kuoza, hana mazungumzo mengine. Juzi alinipigia simu. "Mjomba, nimepata likizo ya wiki mbili na nauli ya safari moja tu. Wewe umezunguka. Nikaone kinamasi kipi?" Nikamwambia swali hilo halijibiki kwa simu ya salio la shilingi ishirini, anipe siku mbili nimwandikie. Haya ndiyo niliyomwandikia, nikiwa nimeyaondoa ya kifamilia.

Nimevifikia vinne: Ondiri nchini Kenya, Rugezi na Kamiranzovu nchini Rwanda, na Bigo kwenye milima ya Rwenzori, Uganda. Kimoja ni cha nusu siku, kingine kinakula wiki nzima na kucha mbili za miguu. Vyote vinalindwa, lakini kila kimoja kina sababu yake ya kulindwa, na kwa maoni yangu hapo ndipo pa kuchagulia. Ukichagua kwa picha nzuri utaishia Rwenzori ukiwa umechoka na hujui umeona nini.

Si kila tope ni mboji

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya mahali penye maji na matope. Kuna bwawa, kinamasi, tindiga, dimbwi, na hilo la maofisini, ardhioevu. Liko pia neno la wazee, tingatinga, yaani ardhi inayotitia ukiikanyaga. Leo ukimwambia kijana "tingatinga" anaona mashine ya njano ya kuchimba barabara. Sijui ni nani aliyefanya mzaha huo, kulichukua jina la kinamasi na kuupa mtambo unaokikausha.

Kinamasi cha kawaida hukauka kiangazi, na majani yaliyokufa yakaoza yakaisha. Kinamasi cha mboji hakipati nafasi hiyo. Maji yamesimama mwaka mzima, oksijeni haifiki chini, na huko milimani baridi inazidi kuwafanya wavivu wale vijidudu wa kuozesha. Kwa hiyo mafunjo ya mwaka huu yanaangukia ya mwaka jana ambayo hayajaisha, na ya mwaka jana yamelalia ya mwaka juzi. Unene wake hupanda kwa kiasi cha milimita moja kwa mwaka. Mita moja ya mboji, basi, ni kazi ya kama miaka elfu moja. Wanyarwanda wanaiita nyiramugengeri. Mimi nitaendelea kusema mboji, ingawa najua mkulima wa kahawa akilisikia neno hilo anawaza lile shimo la takataka nyuma ya zizi.

Duniani kote ardhi ya namna hii ni kama asilimia 3 tu ya nchi kavu, na hata hivyo imefungia kaboni nyingi kuliko misitu yote ya dunia ikijumlishwa. Makadirio husema takribani mara mbili. Kwetu ni adimu zaidi, kwa sababu jua letu ni kali. Ili mboji ijikusanye karibu na ikweta, lazima pawe juu penye baridi, au bondeni ambako maji hayaondoki kabisa. Ukishachimba mtaro wa kuyatoa maji, hewa inaingia na kuozesha kwa makumi ya miaka kile kilichowekwa kwa maelfu. Kaboni inatoka ikiwa hewa ukaa, ardhi inadidimia, na ikishika moto inafukuta chini kwa chini wiki nzima bila kuonyesha ulimi wa moto.

Ondiri: jirani anayetetemeka

Kiko Kikuyu, kaunti ya Kiambu, kama kilomita 20 magharibi ya katikati ya Nairobi. Unashuka matatu mjini, boda boda dakika chache, umefika. Ni hekta thelathini na kitu tu, na kelele za barabara kuu zinakufuata mpaka ukingoni. Lakini hapa ndipo mto Nairobi unapoanzia. Ule mto mweusi unaopita soko la Gikomba watu wakiziba pua, hapa unatoka kwenye manyasi ukiwa maji ya kunawia uso.

Ondiri ni kinamasi kinachoelea. Mizizi ya mafunjo na manyasi pamoja na mboji vimesukana vikawa mkeka mnene, na mkeka wenyewe umelala juu ya maji. Nilimpeleka huyu mpwa wangu akiwa kidato cha pili. Tulikuwa na mzee wa pale aliyetuonyesha pa kukanyaga, na kijana, kama vijana walivyo, akaruka mara moja. Yeye alikuwa hatua tatu mbele yangu. Manyasi yaliyoinama kwa mruko wake yalikuwa nyuma yangu. "Mjomba, ardhi inahema!" Mzee akacheka, akachukua ufito wa mwanzi mara mbili ya urefu wake, akauchomeka, ukazama wote bila kugonga kitu. Alipouvuta, nchani palikuwa na donge la kahawia. Mpwa wangu akalikamua kiganjani: maji yakatoka rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na kilichobaki kilikuwa nyuzinyuzi za majani. Ungeweza kuona bado mishipa ya jani. Jani hilo lilianguka kabla babu wa babu yake hajazaliwa, na halijaoza. Baadaye alisema ndiyo siku aliyoamua kusoma jiografia, ingawa mama yake anakumbuka mambo mengine kabisa kuhusu siku hiyo, hasa viatu.

Hakuna kinamasi kingine kati ya hivi vinne kitakachokuonyesha jambo hili kwa mikono yako mwenyewe kwa gharama ndogo namna hii. Ndiyo sababu nakipenda kuliko kinavyostahili.

Kasoro zake ni kwamba kinapigania uhai. Kwa miaka mingi maji yake yamekuwa yakivutwa kwa pampu kumwagilia maua na mboga, mikaratusi imepandwa kandokando ikinywa bila kulipa, na mji wa juu unakua huku taka zake zikiteremka. Kundi la wenyeji liitwalo Friends of Ondiri Wetland limekuwa likipanda miti ya asili na mianzi ukingoni na kupiga kelele palipohitaji kelele. Sheria ipo: ile ya mazingira ya mwaka 1999 na kanuni za ardhioevu za mwaka 2009, zinazotaka kibali kabla hujagusa maji wala matope. Ukikaa pale nusu saa utaona ugumu ulipo. Kinamasi hakiuawi katikati. Kinauawa pembezoni, kwa kisima cha jirani, mtaro wa jirani na miti ya jirani, na kila jirani anasema lake ni dogo.

Usiingie peke yako. Mkeka una sehemu nyembamba ambazo mgeni hazioni.

Rugezi: kinamasi kilichozima taa

Ondiri ungekitia ndani ya Rugezi kama mara mia mbili. Rugezi ina hekta 6,735, wilaya za Burera na Gicumbi kaskazini mwa Rwanda, mita zipatazo 2,050 juu ya usawa wa bahari. Ukisimama kilimani asubuhi, matuta ya viazi yanashuka kila upande kama ngazi, halafu ghafla yanakatika, na kuanzia hapo ni uwanda mmoja wa kijani usio na nyumba, usio na njia, ukungu umeulalia. Mstari huo kati ya shamba na kinamasi umenyooka kiasi kwamba unajiuliza nani aliuchora. Aliuchora nani, na kwa nini, ndiyo hadithi ya Rugezi.

Maji ya Rugezi yanaingia ziwa Burera. Kutoka Burera yanaporomoka kwenda ziwa Ruhondo, na hapo katikati kuna Ntaruka, kituo cha umeme wa maji cha tangu 1959, chenye uwezo wa megawati 11.25. Chini ya Ruhondo kiko kingine, Mukungwa. Kwa miaka mingi watu walikuwa wakichimba mitaro Rugezi ili walime, na haikuwa dhambi, ardhi ya Rwanda ni ndogo na watu ni wengi. Lakini kinamasi kile ndicho kilichokuwa sponji: kinanywa masika, kinakamuliwa polepole kiangazi. Kilipokauka pembezoni, mvua nazo zikapungua, usimamizi wa mitambo nao ukawa na kasoro zake, na kufikia 2003 na 2004 kina cha Burera kilikuwa kimeshuka sana na Ntaruka ikawa haina maji ya kuzungusha mitambo yake. Nchi ikaingia gizani, serikali ikakodi jenereta za dizeli kwa gharama kubwa. Pale ndipo mtu wa Kigali ambaye hajawahi kuona mafunjo alipojua Rugezi ni nini.

Kilimo kikapigwa marufuku ndani ya kinamasi, matuta yakachimbwa milimani, mianzi na majani ya malisho yakapandwa kuzunguka ukingo kuzuia udongo usiporomoke. Desemba 2005 Rugezi ikaingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ule mkataba wa ardhioevu uliotiwa saini kwenye mji wa Ramsar, Iran, tarehe 2 Februari 1971. Ilikuwa ya kwanza kwa Rwanda. Kina cha ziwa kikapanda, umeme ukarudi, na 2010 nchi ikapewa tuzo kwa kazi hiyo.

Hayo utayasoma kokote. Usiyoweza kuyasoma utayaona ukipanda mtumbwi. Aliyenisukuma kwa upondo alikuwa na Kiswahili cha sokoni Goma, kizuri tu, na katikati ya safari akanionyesha mfereji uliofunikwa na manyasi, umenyooka mno kuwa wa Mungu. Akanieleza kwamba huo ulikuwa mtaro, na kwamba ukoo wake ulilima viazi hapo. Hakusema kwa uchungu wala kwa furaha. Nilimuuliza kama anaona walifanya vizuri kuwatoa, akanyamaza kidogo akasukuma upondo, kisha akanijibu kwamba maji ya kunywa yamekuwa mengi, lakini nyasi za kusukia na za ng'ombe sasa zinatafutwa mbali. Ukifundisha habari za uhifadhi bila kuufikia mtaro ule, unafundisha nusu.

Kwa ndege, Rugezi haina mpinzani hapa. Korongo taji, yule wa bendera ya Uganda, ambaye duniani yuko kwenye orodha ya walio hatarini, anatembea kandoni kama mwenye nyumba. Na ndani ya manyasi kuna kidege cha kahawia kisicho na uzuri wowote, kitaalamu Bradypterus graueri, kinachoishi tu kwenye vinamasi vya nyanda za juu za Bonde la Ufa la magharibi. Utakisikia mara kumi kabla hujakiona. Darubini si anasa huku.

Kama unasoma haya Mwanza au Bukoba usidhani hayakuhusu. Kutoka Ruhondo maji yale yanakuwa mto Mukungwa, yanajiunga na Nyabarongo, kisha Akagera, yanapita maporomoko ya Rusumo mpakani na kumwagika ziwa Viktoria. Huenda umeshayaoga.

Kamiranzovu: pasipo ruhusa ya kukanyaga

Msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kwa jina hili, akitega sikio. Nzovu ni ndovu. Kumira ni kumeza. Kamiranzovu, mmeza ndovu. Wanasimulia kwamba tembo walikuwa wakizama humo, na mimi niliyeona ufito wa Ondiri ukipotea nasadiki. Cha kusikitisha ni kwamba tembo wa mwisho wa Nyungwe aliuawa na majangili mwaka 1999, kwa hiyo kinamasi kimebaki na jina na hakina wa kummeza.

Kiko ndani ya msitu wa Nyungwe, kusini magharibi mwa Rwanda, kama kilomita za mraba 13. Nyungwe ni hifadhi ya taifa tangu 2004 na iliingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2023. Njia ya miguu ni kama kilomita 6, saa tatu hivi, na lazima uwe na mwongozaji. Unateremka msituni kwenye kivuli, halafu miti inafunguka na unaona bakuli kubwa la manyasi lililozungukwa na milima pande zote. Okidi zipo kama umekwenda majira ya mvua na una subira. Kupanda kurudi ndiko kunakouma.

Tofauti yake na Rugezi ndiyo inayonivutia. Rugezi imezungukwa na mashamba. Kila mvua inaleta udongo wa mtu. Kamiranzovu imezungukwa na msitu, na msitu nao umelindwa, kwa hiyo maji yanayoingia ni yale yaliyochujwa na mizizi. Hapo hauhitaji mtu yeyote akueleze kwa nini kulinda kinamasi peke yake bila vilima vyake ni kulinda sufuria ukaacha jiko. Lakini kwa sababu hiyo hiyo hakuna mvutano wa kuona: hakuna mtaro, hakuna mwenye nyumba anayelalamika, hakuna pampu. Ni pazuri, pametulia, na mwanafunzi mwenye umri wa miaka kumi na sita atakuuliza baada ya nusu saa kama tunaweza kwenda kuona nyani.

Ukiwa na gari, endelea na barabara ile ile mpaka Rusizi. Huko Gishoma kuna mtambo wa umeme wa megawati 15 uliojengwa uchome nyiramugengeri. Mwingine mkubwa, wa megawati 80, uko Gisagara karibu na bonde la Akanyaru. Nchi ambayo kinamasi kilichokauka kiliizimia taa inachimba vinamasi vingine iwashe taa. Sisemi kwa kuwasuta. Umeme ni shida ya kweli, na anayesoma haya kwenye simu iliyochajiwa hana pa kusimamia. Lakini mboji iliyojijenga kwa milimita moja kwa mwaka inaingia kwenye tanuru na kutoka kwenye bomba la moshi mchana mmoja, na ukivitazama viwili hivyo siku moja, cha asubuhi na cha jioni, hutavisahau.

Bigo: kwa wenye magoti

Hapa nitakwenda upesi, maana wengi wenu hamtakwenda, na si kosa. Bigo ipo kwenye njia ya kupandia Rwenzori, juu ya kambi ya John Matte iliyo mita 3,414, kuelekea Bujuku. Hifadhi ni ya 1991, urithi wa dunia tangu 1994, Ramsar tangu 2009. Ni kinamasi cha baridi kabisa: kuvumwani laini ya kijani na nyekundu, lobelia na senesio ndefu kuliko mtu, na vichuguu vya majani magumu vilivyosimama ndani ya tope kama vigoda. Unaruka kigoda hadi kigoda. Ukikosa kimoja unazama hadi gotini, mara nyingine pajani. Sehemu kubwa sasa ina njia ya mbao, na usidhani imewekwa kwa ajili ya soksi zako. Kabla yake kila mpandaji alikanyaga kando ya tope la aliyemtangulia, na kidonda kikawa kinapanuka kila msimu. Mmea wa kinamasi ukikatwa na buti kwenye baridi ile hauponi upesi.

Onyo moja. Kampuni moja ya utalii, ambayo jina lake naliacha, iliniuzia "Rwenzori na vinamasi vyake, siku mbili". Siku ya kwanza unafika Nyabitaba, mita 2,651, msituni. Siku ya pili, kama unataka kurudi, unarudi. Nilirudi na picha za mianzi. Bigo niliiona safari ya pili, na ilikuwa siku saba. Anayekuahidi chini ya siku nne kwenda na kurudi hajawahi kufika, au anakudharau.

Na Congo je?

Mpwa wangu ataniuliza, namjua. Kinamasi kikubwa kuliko vyote hivi, kiasi kwamba haina maana kulinganisha, kiko katikati ya bonde la Congo, kwenye nchi zote mbili zenye jina hilo, kuzunguka Mbandaka na ng'ambo ya mto. Ni msitu uliosimama majini, mboji iko chini ya miti. Wanasayansi walikichora kwenye ramani mwaka 2017 na kukipima tena 2022: kilomita za mraba zipatazo 167,600, kaboni kama tani bilioni 29. Mwaka 2022 huo huo serikali ya Kinshasa ilipiga mnada vitalu vya mafuta, vingine vikiwa juu ya mboji hiyo, kisha 2024 ikaufuta mnada. Mjadala wenyewe haujafungwa. Lakini kwa mtu mwenye likizo ya wiki mbili na nauli ya mwalimu, hata akiwa Goma au Lubumbashi, hiyo ni safari ya mto na ya miezi. Aisome, aiweke kwenye ubao mbele ya darasa, asiende.

Basi achague vipi

Ukitaka kuhisi mboji ni kitu gani, kwa mkono na kwa unyayo, Ondiri. Hakuna cha kukizidi, na nauli ni ya matatu. Ukiwa na watoto wa shule, bado ni Ondiri, ila uende na mwenyeji na usikubali zaidi ya watano kusimama mahali pamoja.

Ukitaka kuelewa kwa nini kitu hiki kinalindwa, na kulindwa kunamgharimu nani, Rugezi. Nikiwa na safari moja tu maishani, ndiyo ningeichagua, na si kwa sababu ya uzuri wake. Ni pale pekee, kati ya hivi vinne, ambapo kinamasi kiliharibiwa, kikaonekana kimeharibika hata na mtu aliye mbali mjini, kisha kikarudishwa, na watu wa pande zote mbili za hesabu hiyo bado wako hai wa kuulizwa. Ukiwa na siku moja ya ziada Kigali, Umusambi Village ni mahali pa kuona korongo taji waliookolewa majumbani mwa watu, ambao mabawa yao hayawezi tena kuwarudisha Rugezi. Umusambi ndilo jina lao kwa Kinyarwanda.

Kamiranzovu ni ya anayetaka kutembea msituni na kunyamaza, au mwenye mzazi mwenye nguvu kiasi asiyependa mitumbwi. Ichanganye na Rugezi kwa safari moja ya Rwanda. Kutoka Kigali mpaka Nyungwe ni karibu siku nzima barabarani, kona juu ya kona, kwa hiyo usipange kufika na kutembea siku ile ile. Bigo ni ya anayepanda mlima hata kama kinamasi kisingekuwepo. Mtu asiende Rwenzori kwa ajili ya mboji peke yake, mboji ya chini inatosha.

Kuhusu majira: Juni hadi Agosti panapitika pote, na Januari na Februari pia. Masika usijaribu Bigo. Rugezi masika ni tope, lakini ndege wanapendeza. Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanavuka mipaka ya nchi zao tatu kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania abebe pasipoti. Kwenye hifadhi, mwananchi wa Afrika Mashariki hulipa ada nafuu kuliko mgeni wa mbali, basi weka kitambulisho karibu kabla hawajakuandikia risiti.

Gambuti nunua zako, usikodi. Za kukodi zina matundu mahali ambapo hutayaona mpaka uwe katikati. Chukua namba moja zaidi ya mguu wako, uvae soksi mbili, na kamwe usijaribu kuuvuta mguu uliozama kwa kukanyagia ule mwingine kwa nguvu. Kaa chini, hata kama suruali ni mpya, uuchomoe polepole.

Mpwa wangu amejibu. Amechagua Rugezi, Agosti, na anataka kujua kama ule mtaro bado unaonekana au manyasi yameumaliza. Nimemwambia kwanza aje Jumamosi hii tupite Ondiri, miaka kumi na moja imepita tangu aruke, tuone kama pampu zimepungua. Ufito ninao.